Kiti cha Pembeni cha Elbio Tourn

Elbio Tourn hakuwa amelewa siku alipogonga lango la kanisa. Hilo liandikwe kwanza, kwa sababu hapa Colonia Valdense neno la ulevi wake linatembezwa kila asubuhi dukani kwa muuza mikate, na kila anayelipokea analitia chumvi kabla ya kulipeleka kwa jirani. Wala si kweli kwamba baada ya hapo alirukwa na akili, akaanza kuziita barabara zetu za vumbi kwa majina ya miji ya Italia. Na ile picha anayoionyesha Delmo Negrin kwenye simu yake, ya Elbio akiwa amefika mbele ya mlima aliousubiri maisha yote halafu akageuza uso upande mwingine, ni picha ya kweli. Yanayosemwa juu yake ndiyo ya uongo. Anayeandika haya ni dada yake mkubwa, mjane, aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wa mji huu, Delmo akiwemo, na ameona aibu kwamba walichojifunza wanakitumia hivyo.

Elbio aliendesha lori la maziwa. Alianza kijana, akaacha na mvi. Kabla hakujapambazuka alikuwa ameshapita mashamba ya upande wa mto, anafungua malango kwa mkono mmoja na kuwasalimia mbwa kwa majina, na mpaka jua linapanda tangi lilikuwa limejaa na maziwa yako kiwandani, yanageuzwa jibini. Hakuwahi kupindua lori, hata mwaka ule wa mafuriko. Watu walirekebisha saa zao kwa mlio wa gia zake alipokuwa akikata kona ya shule.

Bibi yetu alizaliwa katika mabonde ya Piemonte, Italia, akaletwa huku Amerika ya Kusini akiwa mdogo, amebebwa mgongoni. Kila aliposikia mtu anakiita kilima cha La Paz, kijiji chetu cha jirani, mlima, alicheka. Alisema kilima ambacho ng'ombe anakipanda bila kuacha kutafuna si mlima. Mlima ni Monviso, alisema, unauona ukiwa mbali kwa safari ya siku nzima, mweupe, peke yake, na ukiuona unanyamaza. Sisi wengine tulisikia tukasahau. Elbio hakusahau.

Siku alipostaafu alitandaza ramani kwenye meza ya chakula na hakuiondoa tena. Yeye na mkewe Nilda walikula kwenye ncha ya meza kama wageni, na supu ikimwagika ilimwagikia upande wa Ufaransa, usiohitajika. Alipanga safari kama alivyokuwa akipanga njia ya maziwa, kona kwa kona. Watakodi gari dogo Torino. Watalala Torre Pellice, katika bonde la bibi. Watapita Pinerolo, kisha Saluzzo yenye malango ya mawe ambayo gari linapita kwa kukunja vioo vya pembeni kama masikio, kisha vilima vya mizabibu vya upande wa Alba. Barabara kuu aliikataa yote.

"Barabara kuu ni ya wenye haraka," alisema. "Mimi haraka yangu niliimaliza kwenye lori."

"Na mimi?" aliuliza Nilda.

"Wewe kazi yako unaijua."

Aliijua. Kwetu anayeendesha hagusi chupa ya maji ya moto. Anayekaa kando yake ndiye anayetia maji kwenye kibuyu chenye majani ya yerba, chai yetu ya huku, anampa, dereva anafyonza kwa mrija wa chuma, anarudisha, kinajazwa tena. Tangu walipooana Elbio alinyoosha mkono wa kulia bila kutazama, na kibuyu kilikuwepo. Na kama ilivyo desturi, hakusema asante. Kwetu anayerudisha kibuyu na kusema asante amemaliza, hapewi tena. Elbio alikuwa hajawahi kumaliza. Kwa hiyo Nilda alizunguka naye miaka yote hiyo bila kulisikia neno hilo ndani ya gari, na kutolisikia huko alikuchukulia kama sifa, maana hakuna nyingine aliyopewa.

Kitu ambacho Nilda hakukijua ni kwamba macho ya Elbio yalikuwa yanaondoka. Ilianza kama alama ya kidole gumba kwenye kioo, katikati kabisa ya kila alichokitazama. Alisafisha miwani. Akanunua mpya. Alama ilibaki, ikakua. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo vizuri kabisa na kuimba aliyoyajua kwa moyo, na mezani aliinamia ramani ambayo alikuwa haioni tena, ila aliijua yote kichwani. Hakumwambia mtu. Alijua akisema, la kwanza kuondoka litakuwa usukani, na usukani ukiondoka safari imekwenda nao.

Ikafika sikukuu yetu ya Februari, tunapokumbuka siku mababu walipopewa uhuru wa kusali. Watu walikula nyama mchana kweupe kwenye uwanja wa kanisa, na Elbio alikunywa maji yenye ndimu, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaendesha. Wakati wa kuondoka Nilda alipanda pikapu, akafunga mlango, akaanza kuondoa kifuniko cha chupa.

"Elbio, lango."

"Naliona."

Akalipiga. Bawa moja la lango lililala chini, na kundi zima la waimbaji likageuka na sahani mkononi.

Delmo Negrin ndiye aliyefika wa kwanza, mdomo umejaa. Aliinamia dirishani, akanusa.

"Kaka Elbio, divai ya mwaka huu kali, eh?"

Elbio alikuwa bado ameshika usukani. Angeweza kusema ukweli pale pale. Lakini ukweli ungemfanya kipofu mbele ya kanisa zima, na divai ingemfanya mlevi wa mchana mmoja.

"Kali kweli," alijibu.

Hapo ndipo uongo ulipozaliwa, na Elbio mwenyewe ndiye aliyekuwa mkunga wake. Lango alilinyoosha na kulipaka rangi kesho yake. Jina halikunyooka.

Nyumbani Nilda hakupandisha sauti. Aliketi mbele yake, ramani katikati.

"Ulikuwa unaona nini?"

"Lango."

"Lipi?"

"Lililokuwa wazi."

"Lilikuwa limefungwa, mzee."

Nilda alichukua kijiko akakiinua mbele ya uso wake. "Hiki ni nini?" Akasubiri. Halafu akakisogeza pembeni, karibu na sikio. "Kijiko," alisema Elbio mara moja. Nilda akakiweka mezani taratibu na kumshika kifundo cha mkono, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Daktari wa macho kule Montevideo alikuwa kijana asiyependa kuzungusha maneno. "Pembeni utaendelea kuona," alisema. "Katikati ndiko kunakoondoka, na hakutarudi. Utajifunza kutazama kando ya kitu ili ukipate. Kama kuna unachotaka kukiona, usingoje."

"Na kuendesha?"

"Kuendesha umemaliza, baba."

Walirudi kwa basi. Elbio alikaa kiti cha dirishani, uso kwenye kioo mpaka stendi. Alipoingia ndani aliikunja ramani, na kwa kuwa ilikuwa imelala wazi miaka mingi haikukubali kukunjika, akaipiga kwa kiganja. Kisha akachukua simu kumpigia Mirella, mama anayekodisha vyumba Torre Pellice, aliyekuwa akizungumza naye kwa lugha ile ya bibi, iliyovunjika pande zote mbili. Aliweka sauti kubwa, kwa hiyo Nilda alisikia yote, na aliyokosa kuelewa alitafsiriwa baadaye.

"Mama Mirella, nimepiga kufuta vile vyumba."

"Vya nyuma? Vya kaskazini? Mungu asifiwe."

"Asifiwe kwa nini?"

"Maana huko ndiko tunakoweka viazi. Nimejiuliza wiki hizi zote, huyu mzee wa Amerika ana ugonjwa gani unaotaka giza na baridi?"

"Mimi nilitaka jua," alisema Elbio.

"Jua? Kaskazini?" Yule mama akasikika akimwita mtu aje asikie. "Ndugu yangu, huku kwetu jua linapita kusini."

Hapa kwetu mtoto anajua kabla hajajua kusoma kwamba jiko linajengwa litazame kaskazini, ili jua liingie wakati wa baridi. Nyumba ya upande wa kusini haiuziki. Elbio alikuwa amepima kila kona ya Piemonte, kila daraja, kila mteremko, na haikumjia hata siku moja kwamba ukivuka upande wa pili wa dunia jua nalo linahama.

Nilda aliuliza kwa sauti ya chini: "Hiyo nyumba moja tu, au?"

"Zote," alisema Elbio. "Kila tutakapolala. Nilisisitiza."

"Yaani ulikuwa unanipeleka Italia nzima nikalale na viazi."

Nilda ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, na Elbio, ambaye hakuwa ametabasamu tangu lile lango, alijikuta anacheka naye, na Mirella kule aliko akicheka bila kujua la zaidi. Kilipotulia kicheko, yule mama aliuliza: "Sasa nifute, au niwahamishie mbele?"

Elbio aliziba simu kwa kiganja. "Anauliza mbele."

"Mwambie mbele."

"Nilda, nani ataendesha?"

"Wewe mwambie mbele kwanza."

Leseni Nilda alikuwa nayo tangu ujana. Aliihuisha kila ilipokwisha, kama mtu anayetunza koti la mvua katika nchi isiyo na mvua. Alikuwa ameendesha pikapu mpaka kanisani na mpaka kwa muuza nyuzi, basi. Makutano ya barabara kuu hakuwahi kuyavuka akiwa na usukani, kwa sababu Elbio alikuwepo. Sasa Elbio alimpa ufunguo kwa sharti moja, kwamba atafanya kama anavyoambiwa, na Nilda akakubali kwa sura ya mtu ambaye hatafanya hivyo.

Hivyo ndivyo miji ya Italia ilivyofika kwetu. Elbio alikuwa na ramani yote kichwani, akaitandaza juu ya barabara za hapa. Njia ya kwenda La Paz ikawa ya Pinerolo. Kona za Nueva Helvecia, mji wa jirani, zikawa kupanda bonde la Angrogna. Na kwenye uchochoro wa mikalitusi nyuma ya kiwanda alisimamisha makopo mawili ya maziwa ya zamani, yakawa lango la Saluzzo, na Nilda alitakiwa apite katikati bila kuyagusa. Siku ya kwanza aliligonga la kushoto.

"Huo ulikuwa mnara wa kanisa lao," alisema Elbio, akisikiliza kopo linavyobingirika.

"Watajenga mwingine."

"Wa miaka mia sita, Nilda."

"Basi wanajua kujenga. Gia ya kurudi nyuma iko wapi hapa?"

Ndivyo Delmo Negrin alivyowasikia. Alikuwa kwenye trekta lake kando ya banda, na pikapu ikapita polepole, madirisha wazi, mama mzima kwenye usukani na mzee kando yake anasema kwa sauti, "Sasa tunaingia Pinerolo, punguza, punguza, uwanja uko kushoto."

"Kaka Elbio," aliita Delmo, "hiyo Pinerolo si ni banda langu la nguruwe?"

"Wape salamu zetu," alijibu Nilda, akabadilisha gia, na gia ikalia hadi shuleni.

Jioni ile mji mzima ulishajua kwamba Tourn amerukwa na akili na mkewe anamfuatisha. Dada yake Elbio, huyu anayeandika, alikwenda na keki ili apate sababu ya kukaa, akaambiwa ukweli wote, na akataka utangazwe Jumapili kanisani. Elbio alikataa. "Waache kwanza," alisema. "Mlevi wanamcheka. Mgonjwa wataanza kumletea supu, na wakishaleta supu hawatatuacha tuondoke. Nikirudi utasema." Ndiyo maana linasemwa leo na si wakati ule.

Lililowashinda mwanzoni halikuwa kona wala lango. Lilikuwa kibuyu. Siku ya tatu au ya nne ya mazoezi, kwenye barabara iliyonyooka, Nilda alinyoosha mkono wa kulia bila kutazama. Hakikuja kitu.

"Elbio."

"Nini?"

"Mkono."

Elbio alitazama mkono ule kama anauona mara ya kwanza. Chupa ilikuwa katikati ya miguu yake, kibuyu kwenye kisanduku, na hakuwahi katika maisha yake kutia maji gari likienda. Alifanya kama alivyofikiri inafanywa. Aliyazamisha majani yote kwa mkupuo mmoja, maji yakamwagikia goti, halafu, na hili kwetu halifanywi hata na mtoto, akashika mrija na kukoroga kama uji. Akampa.

Nilda alifyonza. Yalikuwa ya uvuguvugu na majani yaliingia mdomoni. Elbio aliusikia mrija ukikwama, akajua alichokitengeneza, na akangoja lile neno la kumaliza. Nilda angelisema angekuwa na haki, lingemaanisha tu kwamba imetosha, na yeye angefunga chupa na kukaa kimya kama mzigo mpaka nyumbani.

Nilda alimeza majani. Alirudisha kibuyu, macho barabarani.

"Kingine," alisema.

Elbio alijaza, safari hii kidogo kidogo, upande mmoja wa kibuyu, akihisi kwa kidole joto linapofika. Akageuza uso kwenye dirisha lake, nje kulikokuwa hakuna kitu ila nyasi. Nilda alidhani amechukia. Hakuwa amechukia. Alikuwa ameshagundua kwamba akitazama kando hivyo, mkewe anamjia mzima kwenye pembe ya jicho, mikono yote miwili kwenye usukani, kidevu juu, jasho kwenye mdomo wa juu. Alimtazama hivyo mpaka makutanoni. Alikuwa akifikiria ni asubuhi ngapi huyu mwanamke aliamka gizani kabla yake kuchemsha maji ya chupa hii, na kwamba kila kibuyu alichowahi kufyonza kilikuwa cha joto linalofaa, na yeye alidhani ndivyo maji yalivyo. Alitaka kumshukuru. Hakupata mahali pa kuliweka neno lile ambapo lisingefunga chupa.

"Ng'ombe kulia, nyuma ya mti," alisema badala yake.

"Wapi?" Nilda alikuwa hajamwona. Akapunguza. Ng'ombe akatoka nyuma ya mti na kuvuka.

"Kumbe unaona," alisema.

"Pembeni naona kila kitu. Endesha."

Tangu siku hiyo walikuwa dereva mmoja, Nilda akitazama mbele na Elbio kando. Makopo ya maziwa yakaacha kuanguka. Mwisho wa Mei waliondoka, sanduku moja la nguo na jingine zima la yerba, na hawakuagana na mtu ila ndugu.

Torre Pellice walipewa vyumba vya mbele. Mirella alikuwa ameweka kiazi kimoja juu ya kila mto wa kulalia, kimeoshwa vizuri. Nilda alivibeba safari nzima kwenye kisanduku cha gari na hakukubali vipikwe. Jumapili walikaa kanisani kwenye bonde la bibi, na wimbo wa kwanza ulipotajwa Elbio alifunga kitabu na kuimba, na mzee aliyekaa nyuma yake alimgusa bega akamuuliza kwao ni wapi, maana aliimba kwa sauti za zamani. "Kwetu ni hapa," alisema Elbio, "ila tulichelewa."

Saluzzo waliipata mchana. Lango la mawe lilikuwa jembamba kuliko alivyosoma. Elbio alifunga mdomo, na Nilda alipita.

"Mnara umebaki?" aliuliza Elbio.

"Umebaki."

Kesho yake asubuhi walipanda barabara ya juu ya mji, na kwenye kona yenye nafasi Nilda alisimama kwa sababu Elbio alisema hapo ndipo. Palikuwa na mawingu. Walingoja. Elbio alitia maji, wakapokezana kibuyu wamesimama wameegemea gari, chupa chini ya kwapa lake kama asimamavyo mtu wa kwetu popote duniani. Mawingu yakapanda. Mwendesha baiskeli aliyekuwa akipumzika hapo aliombwa apige picha, akapiga, na Nilda akaituma kwa ndugu. Kutoka kwa ndugu ilifikaje kwa Delmo, hilo litachunguzwa.

Katika picha hiyo Nilda anautazama mlima, mweupe, peke yake, kama bibi alivyosema. Elbio ameupa shavu. Anamtazama mkewe. Delmo anawaonyesha watu na kusema, tazameni, kavuka bahari akageuza uso, ama haoni ama ana kichaa. Delmo hajui, na sasa atajua, kwamba kwa macho ya Elbio mtu anayetaka kuuona mlima lazima asiutazame. Alipomtazama Nilda, Nilda alipotea kwenye doa la katikati, na pembeni, kwenye sehemu iliyobaki nzima, Monviso ukaja wote, theluji na kivuli chake. Akauona. Akanyamaza, kama alivyoambiwa akiwa mtoto kwamba atanyamaza.

Kilichofuata hakimo kwenye picha, kwa kuwa yule wa baiskeli alishaondoka. Baada ya kuushiba, Elbio aligeuka taratibu akauelekea mlima wenyewe, mlima ukafutika, na kwenye pembe ya jicho akamjia Nilda, kibuyu mkononi mwake. Hapo, akiwa hana kibuyu cha kurudisha, alimwambia mkewe neno moja.

Watu wananiuliza ni lipi. Wengine wameniletea keki. Nilda aliniambia jikoni kwangu, na ni mali yao wawili. Mdogo wangu hakuwa mlevi, hana kichaa, na mlima aliuona. Kwa hayo jina letu limekaa sawa, na kibuyu hiki nakirudisha. Asante.